Bagamoyo, Mikumi, treni au kambi: kuchagua ziara ya shule ukiwa Dar

Kila mwaka, kidato cha kwanza wakishazoea kengele na viatu vipya vikishaanza kuchubuka, karatasi huanza kuzunguka katika ofisi yetu ya walimu. Juu imeandikwa ZIARA, chini yake majina: Bagamoyo, Mikumi, Zanzibar, Dodoma. Wanafunzi wanakuwa wameshapiga kura yao kabla hatujakaa. Ni Mikumi, kwa sababu shule jirani ilienda mwaka jana na picha za tembo zimezagaa kwenye simu. Wazazi wanauliza bei, mkuu wa shule anauliza kibali. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza watoto watakaa saa ngapi ndani ya basi.

Mimi nafundisha Jiografia katika shule ya kata upande wa Temeke. Kazi ya kuandaa ziara niliipata kwa kuponyokwa na mdomo. Kwenye kikao nilisema "basi nitaulizia mimi", na tangu siku hiyo kila basi ni langu. Naandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu aliyenasa hivyo hivyo, na mzazi aliyeletewa fomu ya kusaini akawa anajiuliza kama hela yake inakwenda mahali pa maana.

Nina vipimo viwili. Cha kwanza ni saa. Nachukua muda wote tangu watoto wanapokusanyika getini hadi wanaporudi, natoa saa za njiani, natoa saa ya kula, natoa muda wa choo (ukiwa na watoto sitini, choo ni kipindi kizima). Kinachobaki ndicho ninachokinunua. Cha pili ni wanaobaki. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na mchango wa ziara ni wa hiari. Kwa mitaa yetu, hiari maana yake mwenye hela anakwenda, asiye nayo anaambiwa ahudhurie masomo kama kawaida. Kuhudhuria kwenyewe ni kukaa na mwalimu wa zamu na kunakili notisi. Darasa la watoto sabini wakilipa thelathini, hiyo si ziara ya darasa tena.

Kabla ya kulinganisha maeneo, kuna hesabu moja ya usafiri inayotupiga chenga kila mwaka. Basi la viti sitini unalikodi zima, lijae lisijae. Ukipanga mchango kwa watoto sitini halafu wakalipa arobaini na watano, pengo la kumi na tano litatoka mahali, na mara nyingi hutoka kwenye chakula. Nimeshuhudia pilau iliyoahidiwa ikigeuka maandazi mawili na juisi ya paketi. Treni na boti ni kichwa kwa kichwa, aliyelipa ndiye anayesafiri, hakuna pengo. Ila basi lina fadhila ambayo tiketi haina. Likishalipiwa, viti vilivyo wazi unaweza kuwapa watoto wasio na kitu bila nauli kuongezeka hata shilingi. Ndiyo maana safari fupi ya basi ndiyo pekee iliyowahi kuniruhusu kuondoka na darasa zima.

Hapa hapa mjini

Nikiyataja Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, wanafunzi huguna. "Madam, hiyo si mjini tu?" Ni mjini, na wengi wao wamezaliwa Dar na hawajawahi kuingia. Humo ndimo lilimohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Wamelisoma kwenye kitabu kana kwamba liko nchi nyingine, kumbe ni nauli mbili za daladala kutoka nyumbani kwao.

Siku hiyo hiyo unaweza kuunganisha na nyumba ya Mwalimu Nyerere kule Magomeni, ambayo sasa ni makumbusho. Kwenye mtaala mpya tunalo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na sijui pa kulianzia somo hilo pazuri kuliko chumba kidogo cha mtu aliyekuwa akiiongoza TANU, chama kilichozaliwa 7 Julai 1954 si mbali na hapo. Wengine huchagua Kijiji cha Makumbusho, kwenye barabara ya kuelekea Mwenge, kilichoanzishwa 1967. Msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo vinapatikana ndani ya uzio mmoja. Mwalimu wa Jiografia akiuliza kwa nini nyumba ya Bukoba ina paa refu la nyasi na ya Dodoma ina paa bapa la udongo, somo la mvua limekwisha bila ubao.

Udhaifu wa mjini ni kwamba watoto huchoka haraka mbele ya makabati ya vioo. Baada ya dakika arobaini wako nje wanapiga picha. Dawa yangu ni kutowapa karatasi ya kunakili maelezo. Nawaambia kila mmoja achague kitu kimoja akichore, basi. Anayechora hulazimika kutazama.

Maonesho ya Sabasaba nayapita haraka. Kwetu Temeke ni karibu, lakini yanaangukia likizoni, umati ni mkubwa, na watoto hurudi na mifuko ya vipeperushi na midomo yenye rangi ya aiskrimu. Mzazi ampeleke mwenyewe.

Bagamoyo

Ni kama kilomita 70 kutoka Dar. Kutoka upande wetu, ukiwahi foleni ya Mwenge na Tegeta, ni saa mbili au zaidi kidogo. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, tunarudi saa kumi na mbili jioni, na katikati tunabakiwa na saa sita za kutembea kwa miguu. Kwa kipimo changu hiyo ni bei nzuri sana.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kikaoni, "Madam, Bagamoyo kuna nini ambacho watoto hawajakiona? Bahari si iko Kigamboni?" Nilimjibu vibaya siku ile, nikataja utumwa na Wajerumani kama ninayesoma silabasi. Leo ningemwambia kwamba pale mtoto anatembea kilomita chache tu akavuka miaka mia saba. Kaole, kusini kidogo ya mji, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe. Kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanza 1868, unaonyeshwa mahali mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, kuubeba kwa karibu miezi tisa kutoka bara. Watoto wangu hawakumjali Livingstone. Walitaka kujua Chuma na Susi walikula nini njiani, na nani aliwalipa. Nikawaacha wabishane hadi chakula kikaiva.

Halafu kuna mji wenyewe, uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891 walipohamia Dar. Njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka Tabora na Ujiji iliishia hapa. Vita vya Abushiri vilivyoanza 1888 vilipita hapa, na kiongozi wake akanyongwa Pangani mwishoni mwa mwaka uliofuata. Waongozaji wa mji huwaambia watoto kwamba jina limetokana na "bwaga moyo", kisha hugawanyika: wengine husema ni mtumwa aliyeacha moyo wake kabla ya kupakiwa jahazini, wengine ni mpagazi aliyefika na kupumzika. Waachie watoto maelezo yote mawili. Wakirudi darasani wataje ushahidi wa kila upande.

Na Jiografia? Mikoko karibu na Kaole, mashamba ya chumvi, maji kupwa na kujaa mbele ya macho yao. Mwaka mmoja niliwaambia wavue viatu waingie kwenye tope la mikoko hadi kwenye vifundo. Sijawahi kufundisha mizizi ya kupumulia kwa urahisi namna ile, ingawa kunawa miguu mia moja na ishirini kulitugharimu saa nzima na ndoo za jirani.

Ukiwa na wanafunzi wanaopenda sanaa, omba kupita TaSUBa, chuo cha sanaa cha pale pale. Ngoma ya vijana wenye umri unaokaribiana na wao huwaamsha kuliko hotuba yoyote. Kinachokera Bagamoyo ni kwamba vituo viko mbalimbali na kila kimoja kina kiingilio chake. Piga simu mapema, jumlisha vyote, usije ukafika getini ukaanza kuchangisha walimu.

Mikumi

Hapa nitamkatisha tamaa mtu. Mikumi ni hifadhi nzuri. Ina kilomita za mraba 3,230, imekuwapo tangu 1964, na ina tembo, twiga, nyati, viboko na simba. Swali langu ni kuhusu ziara ya Mikumi ya siku moja kutoka Dar, ile ambayo shule nyingi hufanya.

Ni karibu kilomita 283. Kibaha, Mlandizi na Chalinze zina malori yake. Hesabu saa sita kwenda na sita kurudi, na hapo hujapata pancha. Mwaka tulioenda tuliwakusanya watoto saa tisa usiku. Tulifika karibu saa tano asubuhi, jua la utosi linakaribia, na wanyama wenye akili wako kivulini. Ndani ya hifadhi hushuki, unatazama kupitia dirisha la basi lile lile ulilokaa tangu usiku. Upande wa kulia waliona twiga. Upande wa kushoto waliona migongo ya wenzao. Watoto kumi na mmoja walilala, na siwalaumu.

Kurudi, mkanda wa feni ulikatika tukiwa tumeipita Chalinze. Kampuni ya basi ilikuwa imetuahidi gari jipya, asubuhi likaja jingine, na mimi nilikubali kwa sababu watoto walishapanda. Hilo ni kosa langu, nalisema wazi. Tulifika shuleni saa saba usiku. Wazazi walikuwa getini na tochi za simu, na mama mmoja alinipita bila salamu, akaingia ndani ya basi kumtafuta mwanawe kwa kumpapasa uso. Tangu hapo nakagua matairi na leseni ya dereva siku moja kabla, naomba polisi wa usalama barabarani walikague gari, na gari likibadilishwa asubuhi ya safari, safari inaahirishwa. Baada ya ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, iliyoua wanafunzi zaidi ya 30 ndani ya basi dogo, hakuna mwalimu anayehitaji kuelezwa sababu.

Mikumi ya kulala usiku mmoja ni kitu kingine kabisa. Unafika mchana, unalala mji mdogo wa Mikumi, unaingia hifadhini alfajiri wanyama wanapotembea. Tena iwe kati ya Juni na Oktoba, nyasi zimepungua na barabara za ndani zimekauka. Masika udongo ule mweusi hulimeza basi. Lakini usiku mmoja unaongeza malazi, milo miwili na matroni, na orodha ya watakaobaki inarefuka. Shule ya bweni yenye wazazi wanaojiweza, nendeni, mtafurahi. Shule ya kutwa kama yetu, mtapeleka nusu ya darasa. (Na watoto wa Mbeya wanaosoma Dar huwacheka wenzao, maana barabara kuu inapita katikati ya hifadhi na wao huwaona swala kila likizo bure.)

Kwa treni

Tangu 14 Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro, na kwangu imebadilisha hesabu yote. Chini ya saa mbili uko Morogoro, kwa muda unaojulikana, bila Chalinze. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000. Punguzo la watoto ni la walio chini ya miaka 12 au hapo hapo, kwa hiyo kidato cha kwanza wako hulipa kama watu wazima, usije ukapanga bajeti ya nusu tiketi. Stesheni ya Morogoro iko nje kidogo ya mji, hivyo kosta ya kukupokea ipangwe kabla.

Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kuna Milima ya Uluguru inayoonekana tangu dirishani. Kwa kidato cha tatu wa sayansi, asubuhi kwenye mashamba na maabara na mchana kwenye mteremko wa Uluguru ni siku iliyoshiba. Safari yenyewe nayo ni somo. Treni inayokimbia hadi kilomita 160 kwa saa, mwalimu wa Fizikia awape saa na majina ya stesheni wakokotoe mwendo wenyewe. Wangu walibishana kuhusu mwendo wa wastani hadi Ngerengere, kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye basi.

Dodoma kwa treni hiyo hiyo ilianza kwa shilingi 31,000. Watoto wakiingia ukumbini mwa Bunge na jina la shule yao likatajwa, hawasahau. Ila kwenda na kurudi siku moja ni saa nane za kukaa, na lazima Bunge liwe linakaa. Lile la bajeti, Aprili hadi Juni, ndilo rahisi kulipata. Barua iandikwe mapema kupitia mbunge wenu.

Faida ya treni ni usalama na saa. Hasara ni ile ya kichwa kwa kichwa, asiyelipa hana kiti cha huruma.

Unguja

Kila mtoto anaitaka, na kila mwalimu wa Historia anaitaka zaidi. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na kanisa la Mkunazini limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Anayetoka Bagamoyo akaja kusimama Mkunazini amezifuata ncha mbili za kamba moja. Jozani kuna kima punju, wasiopatikana penye msitu mwingine nje ya Unguja kwa asili yao, na mashamba ya karafuu na viungo humpa mwalimu wa Kilimo la kusema.

Boti ya kasi ni kama saa mbili, lakini jumlisha kufika bandarini, foleni ya mizigo, vitambulisho, kuhesabu vichwa mara nne. Safari ya siku moja inakupa saa nne au tano mjini, na Jozani hutaifikia. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, bahari huchafuka. Beba mifuko ya kutapikia, na usiwape watoto chapati za mafuta kabla ya kupanda. Kwa siku mbili Unguja inaishinda Mikumi, kwa maoni yangu, maana watoto hutembea kwa miguu yao. Kwa siku moja, Bagamoyo inaishinda Unguja kwa saa na kwa bei.

Kambi

Neno moja, vitu vitatu tofauti. Kambi ya kitaaluma ya kidato cha nne mnaijua: magodoro darasani, ugali na maharage, majaribio kila Ijumaa hadi mtihani wa Novemba. Husaidia palipo na walimu wa kutosha usiku, na palipo na matroni, maji na mlango unaofungwa kwa ndani upande wa wasichana. Pasipo na hivyo, mtoto alale kwao. Kwa mzazi, swali la kwanza lisiwe maksi. Uliza nani analala pale.

Kambi za likizo za kulipia, za robotiki, kompyuta, kuogelea na lugha, zimejaa Masaki na Mikocheni na matangazo yake ni mazuri kuliko yetu. Ziko nzuri. Ila wiki moja ya kompyuta kwa mtoto asiye na kompyuta nyumbani huyeyuka kabla shule hazijafunguliwa. Uliza mtoto atatoka na kitu gani alichokitengeneza, na atakiendeleza wapi. Ukijibiwa cheti, tafakari.

Skauti ni kambi ya bei nafuu na haijatangazwa na mtu. Mtoto anajipikia, anafunga mafundo, anachota maji, anarudi mwembamba na mwenye adabu ya ajabu kwa siku nne hivi.

Mtoto mmoja mmoja mwenye kiu

Kuna wanafunzi ambao basi lolote halitawatosha. Kwao nachagua klabu inayokwenda mwaka mzima. Roots & Shoots ilianzia hapa hapa Dar mwaka 1991, nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na wanafunzi 12. Ni klabu ya mazingira, inahitaji mwalimu mmoja mvumilivu na miche. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011, huwataka wanafunzi wawili na mwalimu wao watafiti tatizo la kwao na kulileta kwenye maonesho. Mabinti wawili wa kidato cha tatu walinifuata wakitaka kupima maji ya visima vya mtaani kwao. Miezi sita walizunguka na chupa. Hawakufika popote kwenye mashindano, lakini sasa mtaa ule unajua kisima kipi kisichemshiwe chai bila dawa, na mama zao ndio waliosambaza habari.

Gharama? Chupa, nauli za daladala, na Jumamosi zangu.

Kwa mwaka huu nimependekeza hivi: kidato cha kwanza Makumbusho ya Taifa na Magomeni, darasa lote. Kidato cha pili Bagamoyo, Juni kabla ya kufunga, wasichanganyikiwe na upimaji wa Novemba. Kidato cha tatu Morogoro kwa treni, na harambee ndogo ya wazazi kwa ajili ya tiketi za wasio nazo. Mikumi niliikata kwa penseli, nikaiacha karatasi mezani Ijumaa.

Jumatatu nimeikuta imeandikwa tena, kwa kalamu nyekundu.